Meno Kwenye Leso: Kwa Mnaoanza Kazi ya Vipandikizi

Wadogo zangu, mgonjwa anayerudi na meno yake bandia yamefungwa kwenye leso ndani ya pochi ameshawapa jibu: kazi yenu haijamfaa. Ninyi mnafungua eksirei, mnaona vipandikizi viwili, zile skrubu za titani tunazopanda kwenye taya ili zishike meno, vimesimama wima na mfupa umeshika vizuri, mnamwambia, "Mama, kila kitu kiko sawa." Kiko sawa kwa nani? Yeye anakula uji. Kila kundi jipya likija naliona jambo hilihili, ndiyo maana naandika.

Titani haina kesi ya kujibu. Gösta Larsson, mgonjwa wa kwanza wa Brånemark, Mswidi aliyeanzisha vipandikizi hivi, aliwekewa vipandikizi Gothenburg mwaka 1965 akaishi navyo miaka zaidi ya 40. Wagonjwa wetu wanaumizwa na vitu tunavyoviweka juu ya hiyo titani.

1. Uliza chakula na kalenda. "Unakula nini?" haitoshi. Uliza, "Ukiwa na wageni, unakula nini?" Hapo utasikia habari za nyama anayoipitisha kwa mjukuu, na mkono unaofunika mdomo kila akicheka. Mjazie OHIP-14, dodoso la jinsi kinywa kinavyomsumbua maishani, kabla na baada. Ni maswali 14 tu, na kuna la aibu na la kushindwa kutulia. Kisha kalenda. Wiki moja hadi mbili baada ya upasuaji havai kitu juu ya kidonda. Baadaye meno yake bandia ya zamani yanachongwa ndani na kuwekewa bitana laini, naye anasubiri mfupa, kwa taya la chini kama miezi mitatu. Kama harusi ya binti yake imeangukia kwenye hizo wiki mbili na hakuna aliyemwambia, siku ya sherehe atajifungia chumbani. Sogezeni tarehe ya upasuaji.

2. Siku ya kunasa vikofia, yaani vile vifuniko vidogo vyenye nailoni ndani, vinavyokaa ndani ya meno bandia na kubana vichwa vya vipandikizi. Hapa nitakaa, kwa sababu kazi nzuri ya miezi minne huharibika kwa dakika kumi na kosa lenyewe halionekani. Wengi wetu tumelifanya, tena mara nyingi kabla ya kulijua. Unachimba matundu ndani ya meno bandia, unavisha vikofia juu ya vipandikizi, unajaza akriliki, ile plastiki ya meno bandia, unamwambia mama, "Ng'ata kwa nguvu, usiachie." Anang'ata kwa utiifu wote. Fizi ni laini, inabonyea, na akriliki inaganda ikiwa imebonyea hivyohivyo. Akiachia, fizi inataka kurudi juu na kuyasukuma meno, nailoni inayavuta chini. Mvutano huo haulali. Fizi inafanya kidonda, nailoni inalika mapema, au meno yanabanduka katikati ya mazungumzo. Mfikirieni huyu mama. Miaka yote aliogopa meno yasimdondoke mbele za watu. Amelipa fedha nyingi ili hofu hiyo iishe, na leo yamebanduka mezani mbele ya wakwe. Hatakuja kulalamika haraka, maana anadhani mdomo wake ndio mbovu. Ataacha kuyavaa, kisha ataacha kwenda kwenye mialiko.

Kosa la pili ni pacha wake: tundu dogo. Kikofia kikigusa plastiki, meno yote yanakalia vipandikizi viwili badala ya fizi, yanacheza kama pembea. Bonyeza gego la kulia, la kushoto linanyanyuka.

Kwa hiyo, taratibu. Paka krimu nyeupe ya kupimia ndani ya matundu, visha, toa. Krimu ilipofutika, chonga, rudia mpaka isifutike popote. Toboa kijitundu upande wa ulimi, akriliki ya ziada ipate njia. Weka pete nyeupe ya kuzibia chini ya kila kikofia. Ukiisahau, akriliki inapenya shingoni mwa kipandikizi na kujifunga, na utayakata meno mapya mdomoni mwa mgonjwa huku akikutazama machoni. Nailoni iliyomo kwenye kikofia iwe nyeusi, ile ya kazi. Akriliki jaza nusu ya tundu. Visha, mwambie akutanishe meno kidogo tu ili uone yamekaa mahali pake, aachie, kisha shikilia kwa vidole bila kukandamiza hadi igande. Mapengo yaliyobaki yajaze nje ya mdomo. Halafu bonyeza magego, upande huu na ule. Yakicheza, ng'oa vikofia uanze upya siku hiyohiyo. Usimwambie atazoea.

3. Nailoni za Locator, aina ya vikofia tunavyotumia, hutofautiana kwa nguvu ya kubana: anza na ya bluu, pauni 1.5. Waridi ni 3, ile isiyo na rangi ni 5. Wanaoanza hukimbilia ya 5 wakidhani kubana ndiyo ubora, bibi mwenye baridi yabisi vidoleni anashindwa kuyatoa usiku. Ayavae na kuyatoa mwenyewe mara tatu mbele ya kioo kabla hajaondoka. Binti yake asimsaidie.

4. Jino moja moja juu ya kipandikizi chake. Jino la asili lina utando unaozunguka mzizi, likibanwa linazama kidogo. Kipandikizi kimeshikana na mfupa, hakizami. Tumia karatasi nyembamba sana ya bati, ya mikroni 8, katikati ya meno ya juu na ya chini. Aking'ata taratibu, ichomoke kwenye kipandikizi lakini ishikwe na meno ya jirani. Aking'ata kwa nguvu, ishikwe kote. Kofia, yaani jino bandia lililo juu ya kipandikizi, ikizidi urefu, msitegemee mgonjwa awaambie, kwa kuwa bila ule utando kuhisi kwake ni hafifu. Mtajua skrubu ikilegea au kauri ikipasuka.

5. Ganzi. Upasuaji wa taya la chini ukiisha, kesho yake asubuhi mpigieni simu wenyewe, asipige muuguzi. Mwambieni aguse mdomo wa chini na kidevu kwa ncha ya leso, kulia kisha kushoto. Kama upande mmoja bado umekufa ganzi, aje siku hiyohiyo apigwe picha ya CBCT, eksirei inayoonyesha taya kwa pande tatu. Kipandikizi kikiwa kimegusa mfereji wa neva, kinatolewa au kurudishwa juu mapema. Wagonjwa wengi huona haya kupiga wao, wakidhani sindano bado haijaisha.