Barua kwa mwanangu: Usiwazike Braves mwezi wa saba

Marietta, Georgia
Julai 2021

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Dada yako amewasha kiyoyozi mpaka nyumba imekuwa friji, na bili ya umeme sijui anadhani analipa nani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umeuliza mawili. Kwanza, kwa kuwa Acuña, nyota wetu wa uwanja wa nyuma, ndiye huyo ameumia, na Braves, timu yetu ya besiboli ya hapa Atlanta, hawaendi popote mwaka huu, si bora wamuuze Freddie Freeman sasa hivi kabla mkataba wake haujaisha, wachukue vijana, waanze kujenga upya? Pili, uombe likizo ya Oktoba uje tuangalie mtoano pamoja, au usijisumbue? Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tutakatizana maneno kama kawaida yetu na hakuna atakayemaliza hoja.

Freeman wasimuuze. Likizo omba.

Najua kilichokuvunja moyo ni ile Jumamosi ya Julai 10, na mimi ilinivunja. Kule Miami, awamu ya tano kati ya tisa, Jazz Chisholm wa timu yao akapiga mpira mrefu upande wa kulia. Acuña akaukimbilia, akaruka pale ukutani, akatua kwa mguu wa kulia na goti likaingia ndani. Mpira unabiringika, Chisholm anazunguka vituo vyote hadi nyumbani, palepale alipopigia, na kijana wetu yuko chini ameshika mguu. Akainuka, akajaribu kutembea, mguu ukamkataa, akarudi chini. Wakamtoa kwa kigari. Mimi nilijua palepale. Kazi yangu ni kuwainua watu wenye magoti mabovu usiku kucha. Mtu akikanyaga, mguu ukamwachia namna ile, hiyo si ya kuweka barafu na kusema pole. Habari zilipotoka zikawa ndizo hizo: kano ya goti imekatika, msimu wake umekwisha. Alikuwa na homurani 24, ile mipigo ya kumzungusha mpigaji vituo vyote, na ameiba vituo mara 17, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kusubiri mpira upigwe, na msimu haujafika hata kwenye mapumziko ya katikati.

Lakini tusimtwike Acuña mzigo usio wake. Braves walikuwa wagonjwa naye akiwa mzima.

Kumbuka walivyoanza: michezo minne, vipigo vinne. Phillies wa Philadelphia walitupiga tatu mfululizo, tukaenda Washington tukapigwa tena. Aprili 25 ndiyo sitaki hata kuitaja, ila nitaitaja. Siku ile ilikuwa michezo miwili kwa mpigo, kila mmoja wa awamu saba, na Arizona wamekuja kwetu. Wa kwanza mrushaji wao Zac Gallen akatuachia mpigo mmoja tu wa kutufikisha kituoni. Wa pili Madison Bumgarner hakutuachia hata huo mmoja. Awamu 14, mpigo mmoja, nao ni wa Freeman, huyo unayetaka auzwe! Bumgarner hata kwenye vitabu hakuandikiwa kama mrushaji aliyefunga mchezo bila kupigwa, kwa sababu hazikutimia awamu tisa. Kwetu sisi aibu ilikuwa kamili, ya kitabu na isiyo ya kitabu.

Halafu majeruhi. Mdakaji wetu Travis d'Arnaud akaumia kidole gumba mwanzoni mwa Mei. Mwisho wa mwezi huohuo Marcell Ozuna akavunja vidole akiteleza kwenye kituo cha tatu, kisha yakamfuata mambo ya polisi, na mimi simtarajii tena mwaka huu. Mike Soroka, ambaye tulikuwa tunamsubiri apone mshipa wa kisigino aliokata mwaka jana, ukamkatika tena uleule mwezi wa sita akiwa anatembea tu. Sasa piga hesabu mwenyewe: uwanja wa nyuma una watu watatu, na kati ya wale watatu tuliowategemea, wawili wamekwenda. Tangu hapo tunajaza nafasi kwa vijana ambao mpira wa kasi unapita wao bado wanafikiria.

Kwa hiyo ugonjwa wa timu hii una mahali pake, na hapo ndipo tunapotofautiana. Wewe unaona timu mbovu. Mimi naona timu nzuri yenye shimo moja kubwa huko nyuma ya uwanja. Pale ndani ni nani mbovu? Freeman kituo cha kwanza, Albies cha pili, Swanson, mtoto wa hapahapa Marietta, kati ya cha pili na cha tatu, na Austin Riley cha tatu. Riley mwenyewe miaka miwili iliyopita watu walikuwa wanamcheka kwa kupiga hewa. Mwaka huu anasubiri mpira wake, hauparamii. Warushaji tunao, Max Fried na mzee Charlie Morton. Wale wa kufunga mchezo mwishoni ndio wananipandisha presha, siwezi kukuficha. Wakiingia tunaongoza kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, mimi huenda kuosha vyombo.

Sasa msimamo. Tulipofika mapumziko ya mchezo wa nyota (uliotakiwa uchezwe hapa Truist Park, uwanja wetu, kabla hawajauhamishia Denver kwa ajili ya ile sheria ya kupiga kura ya hapa Georgia, lakini hayo tuyaache) tulikuwa tumeshinda 44 na kushindwa 45. Arobaini na nne, namba ya jezi ya Hank Aaron, gwiji wetu wa zamani, ambaye tumemzika Januari hii na namba yake ikakatwa kwenye nyasi za uwanja. Mets wa New York, wanaoongoza kundi letu la timu tano, wana 47 kwa 40. Phillies 44 kwa 44. Yaani kinara ametupita kwa michezo minne tu, ukichukua wastani wa tofauti ya ushindi na ya vipigo! Na huyo kinara naye hali yake si njema. DeGrom, mrushaji ambaye mwaka huu hagusiki, mkono unamsumbua na yuko nje. Lindor, nyota wao mwingine, ameumia ubavu. Katika kundi hili kila mtu anachechemea, mwanangu. Hakuna aliyekimbia akatuacha.

Na kuna hesabu nyingine ambayo wewe huiangalii kwa sababu umekulia kwenye soka, ambako mchezo mmoja kwa wiki unatosha kumfukuzisha kocha. Huku wanacheza michezo 162. Bibi yako alipokuwa na duka Majengo, hakuhukumu biashara kwa mauzo ya siku ya mvua. Aliangalia mwezi mzima kilichoingia na kilichotoka. Braves, pamoja na masaibu yote hayo, wamefunga mikimbio mingi kuliko waliyofungwa. Timu ya namna hiyo kwa kawaida huwa imeshinda zaidi ya nusu ya michezo yake. Sisi tuko chini yake kwa sababu tukishinda tunashinda kwa fujo, na tukishindwa tunashindwa kwa mkimbio mmoja mwishoni, pale ninapokuwa naosha vyombo. Michezo ya mkimbio mmoja huenda huku na huku. Haiendi upande mmoja mwaka mzima.

Turudi kwa Freeman. Kwanza, hata wangetaka, hawawezi kumuuza hivihivi. Mchezaji akitimiza miaka kumi kwenye ligi kuu, na mitano ya mwisho iwe na timu ileile, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Freeman ameshatimiza. Utamuuza mtu mpaka akubali mwenyewe. Pili, huyu ndiye mchezaji bora wa ligi wa mwaka jana. Aprili na Mei alikuwa anapiga mipira kwa nguvu zote na yote inaangukia kwenye mikono ya watu. Nilisikia watu wazima wakisema amezeeka. Ana miaka 31! Sasa mipira imeanza kuangukia kwenye nyasi. Na tatu, mkataba kuisha si sababu ya kumuuza, ni sababu ya kumlipa. Wakubwa wana pesa, wasituchezee. Wewe ukimtoa Freeman leo, unawaambia Albies na Riley kwamba hapa hatutafuti ushindi, na hao ndio watakaokuwa wazee wa timu kesho.

Wanachotakiwa kufanya ni kununua, tena si kwa bei ya kuuza nyumba. Alex Anthopoulos, meneja mkuu anayewanunua wachezaji, ameshaanza. Siku chache baada ya Acuña kuumia amemleta Joc Pederson kutoka Cubs, kwa kumtoa kijana mmoja wa timu za chini. Pederson si Acuña, hilo kila mtu anajua. Anapiga warushaji wa mkono wa kulia vizuri, wa kushoto wanamsumbua. Lakini tofauti kati yake na waliokuwa wanasimama pale ni kubwa, na hiyo ndiyo tofauti inayohesabika. Huhitaji nyota watatu huko nyuma. Unahitaji watu watatu wa kawaida, waliozoea ligi kuu, ambao timu zao zimeshakata tamaa. Dirisha linafungwa Julai 30 na wa namna hiyo wako tele. Akileta wawili zaidi nitanyamaza.

Yuko mzee mmoja ninayemhudumia kazini, mtu wa hapahapa Georgia, ndiye aliyenifundisha kuusoma mchezo huu. Kila nikiingia zamu na uso wa kushindwa ananirudisha 1993. Mwaka ule mwezi wa saba Braves walikuwa nyuma ya Giants wa San Francisco kwa karibu michezo kumi. Wakamnunua mpigaji Fred McGriff. Julai 20, siku yake ya kwanza kuvaa jezi, moto ukawaka pale wanapokaa watangazaji kwenye uwanja ule wa zamani, mchezo ukachelewa. Moto ulipozimwa wakacheza, wakafungwa tano bila, McGriff akapiga mpira ukatoka nje wakasawazisha, wakashinda nane kwa tano. Kuanzia hapo hawakushikika. Walimaliza na ushindi 104, Giants 103. Mzee akifika hapo huniangalia kama vile yeye ndiye aliyepiga.

Mimi humwambia, mzee wangu, mwaka ule mlikuwa na Maddux, Glavine na Smoltz wanarusha, hata McGriff angekuwa kuni mngeshinda. Halafu Oktoba Phillies wakawatoa. Hapo hukasirika akadai chai.

Lakini si lazima twende mbali vile. Washington, wa kundi letuletu, 2019 walikuwa na ushindi 19 kwa vipigo 31, watu wanataka kocha afukuzwe, na Oktoba wakabeba ubingwa wa dunia. Kocha wetu Brian Snitker ameona mengi kuliko hayo. Yuko na Braves tangu 1977, amepandishwa, ameshushwa timu za chini, amepandishwa tena. Mtu wa namna hiyo hababaiki kwa Julai moja. Mwangalie anavyokaa kwenye benchi, utadhani anasubiri basi.

Sikwambii tutakuwa mabingwa. Sijafika huko. Mimi na wewe tulikuwa pamoja sebuleni 2019 St. Louis walipotufunga kumi katika awamu ya kwanza, mchezo wa mwisho, na wewe ukazima televisheni kabla sijameza tonge. Mwaka jana tukawa tumewaongoza Dodgers tatu kwa moja, tumebakisha ushindi mmoja kuingia fainali, wakatutoa. Na huyo Pederson tuliyemnunua alikuwa upande wao! Tangu 1995 mji huu haujaona ubingwa wa besiboli. Kwa hiyo nikisema kundi tunaweza kulichukua, nasema kundi tu. Mets wakipona deGrom na Lindor mapema, au wale wetu wa kufunga mchezo wakiendelea hivi, hata kundi hatulipati. Ila ukiniuliza leo kati ya timu hizi tano ningependa kuwa ipi, naichukua yetu, na goti la Acuña likiwa limefungwa bandeji.

Kuhusu safari. Msimu wa kawaida unaisha Oktoba 3, mtoano unaanza wiki hiyohiyo. Mwambie bosi wako unataka likizo kuanzia wiki ya pili ya Oktoba, na tiketi nunua ile inayokubali kubadilishwa tarehe, usiangalie bei tu ukaja kulia. Tukiwa ndani tutaangalia hapa nyumbani; tiketi za uwanjani wakati wa mtoano si za watu wa mshahara wangu. Tukiwa tumetoka, utakuja hivyohivyo, dada yako ana makabati ya kufunga na baba yako mgongo hauruhusu.

Ukipita kwa wale Wasomali wa huko Minneapolis nichukulie halwa, kilo mbili. Ya huku ni sukari tupu.

Mama yako