Vichwa na karatasi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mwakilishi wadi wenu anautaka ugavana, amekuomba uwasimamie mawakala wake vituoni, nawe waniuliza: mtu akianzia bunge dogo hadi akafika kiti cha gavana, aweza kufika na mikono safi? Na wewe ukimfanyia kazi, yako itabaki vipi?

Swali lako ni la mikono. Niache nianze na sanduku la kura, kisha hiyo mikono nitaifikia.

Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alipofariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100, uliniambia kwamba wewe ulimjua kama mzee wa waangalizi tu. Ni kweli, kituo chake cha Atlanta kilileta waangalizi wa uchaguzi kwetu Kenya 2002, 2013 na 2017, na baba yako na ami yako hawajamaliza kubishana juu ya ripoti zao hadi leo. Lakini kabla ya kuwa rais alikuwa gavana wa jimbo la Georgia, na kabla ya ugavana alikuwa seneta wa jimbo, yaani mtu wa bunge la huko huko nyumbani, kama huyu wenu. Na kiti hicho cha kwanza nusura aibiwe.

Kwanza ujue uwanja ulikuwaje. Georgia ina kaunti 159. Kwa miaka mingi mchujo wa chama cha Democratic, ambao ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe kwa kuwa chama hicho ndicho kilichotawala, haukuhesabiwa kwa vichwa. Kaunti 8 kubwa zilipewa pointi 6 kila moja, 30 zilizofuata pointi 4, na 121 zilizobaki pointi 2. Piga hesabu: pointi 410, na zaidi ya nusu ziko mikononi mwa kaunti ndogo. Kaunti tatu za watu wachache zililingana na jiji zima la Atlanta. Aliyetaka kiti hakuwa na haja ya kuwashawishi watu wa mjini. Alitafuta wakubwa wa vijiji, akaelewana nao. Aprili 1962 mahakama ya shirikisho iliuvunja utaratibu huo, viti vya Seneti ya jimbo vikagawanywa upya, na uchaguzi ukaitishwa haraka haraka.

Carter alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa njugu katika kijiji cha Plains, mwanajeshi wa zamani wa wanamaji aliyerudi nyumbani 1953 baada ya baba yake kufariki, na mjumbe wa bodi ya shule ya kaunti. Aliamua kugombea tarehe 1 Oktoba 1962, siku aliyotimiza miaka 38. Mchujo ulikuwa tarehe 16. Siku kumi na tano! Hakuwa na muda wa kutafuta mawakala wa vituo, na hapo ndipo alipokaribia kupoteza kila kitu.

Katika mji mdogo wa Georgetown, kaunti ya Quitman, mkubwa wa pale alikuwa Joe Hurst, mbunge wa jimbo. Sanduku la kura lilikuwa boksi la katoni lenye tundu juu. Hapakuwa na kificho; watu walitia alama kaunta, Hurst akiwatazama na kuwaelekeza nani wa kumkata jina. Rafiki yake Carter, John Pope, alikuwepo akaona kila kitu, akalalamika, asipate wa kumsikiliza. Matokeo ya wilaya nzima yalipojumlishwa, mpinzani wake Homer Moore alikuwa mbele kwa kura 139. (Simsemi Moore kuwa mwizi.)

Sasa sikiliza hesabu. Waliopiga kura pale walikuwa 333. Kura zilizokuwamo sandukuni zilikuwa 420. Katika orodha, watu 117 walionekana wamepiga kura mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa alfabeti, kana kwamba kijiji kizima kilipanga foleni kwa herufi za majina. Humo mlikuwa na marehemu, na mlikuwa na watu waliokuwa gerezani siku hiyo.

Ndiyo maana sichoki kukwambia: vichwa kwanza, karatasi baadaye. Mwizi wa kura anaweza kubadilisha karatasi usiku mzima, lakini idadi ya watu walioingia mlangoni ilishapita machoni pa watu. Wakala asiyeandika idadi ya vichwa hana silaha. Atapiga kelele kama Pope, na kelele haziingii kwenye jalada la mahakama.

Carter alikwenda mahakamani na wakili kutoka Atlanta, Charles Kirbo, mtu wa sauti ya chini. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya Jaji Carl Crow, halikuwa limefungwa sawasawa. Orodha ya wapiga kura haikuwamo, wala vishina vya karatasi, yaani vipande vinavyobaki kitabuni karatasi ikikatwa. Kati ya kura kulikuwa na bunda la zaidi ya mia moja zilizokunjwa pamoja. Niambie, karatasi mia zinapenyaje kwenye tundu moja zikiwa zimekunjana? Jaji aliitupa kura yote ya Georgetown, na Carter akawa mbele kwa kura 65. Bado vuta nikuvute iliendelea kuhusu jina la nani liwe kwenye karatasi, hadi mkesha wa uchaguzi mkuu. Tarehe 6 Novemba alishinda kwa kura 3,013 dhidi ya 2,182 za Moore.

Kwetu mambo mengi yamezibwa. Sanduku ni la plastiki unaloona ndani, lakiri zina nambari, kituo hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa. Lakini usilale. Mawakala wako waandike nambari za lakiri asubuhi kabla ya kura ya kwanza na jioni kabla ya kufungua, wazilinganishe. Waandike nambari ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vya karatasi. Kila saa waandike idadi ya waliotambuliwa na mashine. Kumbuka kila mpiga kura anapewa karatasi sita, na wengine huitumbukiza ya gavana kwenye sanduku la seneta kwa bahati mbaya. Hiyo haijawa wizi, ila lazima isemwe papo hapo, la sivyo usiku itageuka ugomvi. Kura za gavana huandikwa kwenye fomu 37A. Wakala asitie sahihi fomu tupu hata akiambiwa gari la kurudi linaondoka. Asiondoke bila nakala, na apige picha ile inayobandikwa mlangoni. Na mtu akishasimama tangu kabla ya mapambazuko, saa nane za usiku anasinzia. Kwa hiyo weka wa zamu ya pili, na chakula chao kifike kwa mkono wako, kisipitie kwa mgombea yeyote wala kwa msimamizi wa kituo.

Haya. Ningeishia hapa ningekuwa nimejibu swali nilipendalo mimi, si lako.

Carter aliapishwa kuwa seneta Januari 1963. Aliahidi kuusoma kila mswada kabla ya kuupigia kura, akausoma kweli, akajifunza hata mbinu za kusoma kwa kasi. Hotuba yake ya kwanza bungeni ilipinga yale maswali thelathini waliyoulizwa Waamerika weusi ili wakwame wasiandikishwe kupiga kura. Mtu aliyeibiwa akaujua uchungu wa wanaoibiwa kila siku: huyo ndiye Carter ninayempenda.

Mwaka 1966 aligombea ugavana, akawa wa tatu katika mchujo, nyuma ya Ellis Arnall na Lester Maddox. Maddox alikuwa mwenye mkahawa aliyepata umaarufu kwa kuwafukuza wateja weusi, mipini ya mashoka mkononi. Katika uchaguzi mkuu, Bo Callaway wa chama cha Republican ndiye aliyepata kura nyingi zaidi, ila hakufikisha nusu kwa sababu wengine waliandika jina la Arnall kwa mkono. Katiba ya huko ilisema basi bunge lichague. Januari 1967 likamchagua Maddox, kura 182 kwa 66. Kwetu aliyepata nyingi ndiye gavana, yamekwisha. Kule yule wa pili akapewa kiti.

Carter alirudi Plains akiwa amevunjika moyo, kisha akaanza upya kwa miaka mitatu na zaidi. Inasemwa alihutubia mara 1,800, na kwamba yeye na mkewe Rosalynn walishikana mikono na watu 600,000. Usiku akiendesha gari kurudi nyumbani alirekodi kwenye kinasa sauti majina ya aliokutana nao na shida zao, na Rosalynn akawaandikia barua za shukrani. Hiyo ni kazi safi, mwanangu. Hiyo muige.

Kisha ikaja 1970, na hapo ndipo moyo wangu hukwama kila nikipafikia. Mpinzani wake mkuu alikuwa Carl Sanders, gavana wa zamani, mtu wa msimamo wa wastani ambaye weusi wengi walimuunga mkono. Carter alihesabu akaona kwamba hangeshinda bila wazungu wa vijijini waliompenda George Wallace wa Alabama, mtetezi wa ubaguzi wa rangi. Akamsema Sanders kwa kumnyima Wallace nafasi ya kuhutubia katika majengo ya serikali. Alizuru shule ya binafsi ya wazungu watupu. Tangazo lake la televisheni lilionyesha mlango wa klabu ya matajiri ukiwa umefungwa, wakulima wakiambiwa kwamba Sanders yumo ndani, wao hawaalikwi. Na kulikuwa na karatasi iliyozunguka yenye picha ya Sanders akimwagiwa shampeni na wachezaji weusi wa mpira wa kikapu wakisherehekea ushindi wa timu aliyokuwa na hisa ndani yake. Lengo lilikuwa kumtisha mzungu wa kijijini. Karatasi hiyo ilihusishwa na watu wa kampeni ya Carter. Mwenyewe alikana kuijua.

Alimshinda Sanders katika duru ya pili ya mchujo mwezi Septemba, kisha akashinda Novemba. Vichwa na karatasi vililingana. Hakuna boksi la katoni, hakuna marehemu aliyepiga kura. Hesabu yangu ninayoikariri miaka yote ilitimia mpaka kura ya mwisho, na bado kuna kitu kilichochukuliwa pale ambacho hakuna fomu inayokirekodi.

Tarehe 12 Januari 1971 akaapishwa, akasimama mbele ya wale wale waliompa kura, akatangaza kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha. Baadhi yao walihisi wamesalitiwa. Je, hiyo inafuta ya 1970? Nikifikiria aliyoyafanya, naelekea kusema ndiyo. Wajumbe weusi katika bodi za jimbo walitoka 3 wakafika 53. Idara na ofisi zipatazo 300 alizipunguza zikawa 22, Maddox akimpinga hatua kwa hatua, maana alikuwa amechaguliwa naibu gavana. Kila idara ililazimika kutetea bajeti yake kuanzia sifuri. Februari 1974 aliitundika picha ya Martin Luther King katika jengo la bunge la jimbo, watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakiandamana nje. Katiba haikumruhusu kugombea tena mfululizo, kwa hiyo alikuwa na miaka minne tu, na alikwenda mbio kama mtu anayelipa deni.

Kisha nageuka: tuseme angeshindwa baada ya kampeni ile. Ingebaki nini? Ingebaki picha ya shampeni peke yake, na Sanders ambaye huenda angefanya nusu ya mambo yale bila kumtisha mtu. Lakini wale 53 je, wangeteuliwa na Sanders? Nageuka tena. Baba yako asema najisumbua bure, kwamba siasa hupimwa kwa mwisho wake. Mimi sijamkubalia, ingawa mara nyingi nimekaribia. Neno la mwisho lipo kwenye ncha ya ulimi, ila sitalitoa kwa sababu kazi ni yako na jina litakaloandikwa ni lako.

Ila kabla hujampa jibu, muombe jambo moja. Mwambie unataka kuiona kila karatasi, bango, na ujumbe wa simu kabla haujatoka, na ujue nani anaulipia uchapishaji. Usimamizi wa mawakala peke yake usiukubali. Akisema hayo hayakuhusu, wewe ushughulike na vituo tu, nipigie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nyanya yako akusalimu. Zile fomu za mfano nilizokuwa nazo nimezifunga pamoja na kitabu cha kuandikia vichwa kwa saa. Nitampa dereva wa matatu ya Ijumaa.

Mama yako