Miguu inakufa ganzi, picha ya kichwa ni safi: aende kwa bingwa gani?

Mkuu, umesema dada yako ana ganzi ya miguu mwezi wa nne sasa, MRI ya kichwa imetoka safi, na daktari wa mwisho kamwambia ni mawazo tu. Unauliza aende kwa bingwa gani. Hilo neno "mawazo" limenichoma, nililibeba karibu mwaka mzima.

Mimi ni mwalimu. Kwangu ilianza na kope la kushoto. Asubuhi mzima kabisa, ikifika vipindi vya mwisho kope limefunika nusu ya jicho na sauti inatokea puani, wanafunzi wa nyuma hawanisikii. Daktari wa macho akanipa miwani. Kumeza kulipoanza kunisumbua nikaenda kwa wa masikio, pua na koo, akasema koo halina shida. Nikajipeleka mwenyewe kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, nikapigwa picha, safi.

Aliyenifungulia njia ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Aliniuliza saa ngapi inazidi na saa ngapi inapungua. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kisha akasema niangalie dari bila kushusha macho. Dakika haijaisha, kope likaanza kuteremka lenyewe. Akatia barafu ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho dakika mbili. Alipoiondoa, kope lilikuwa limepanda. Nikapewa rufaa kwa bingwa wa nyurolojia, na kipimo cha damu kikathibitisha: myasthenia gravis. Kinga ya mwili inashambulia pale neva inapokutana na msuli. MRI ya kichwa haiwezi kuliona hilo hata ukipigwa mara kumi.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopoteza hela. Tukisema "daktari wa ubongo" tunachanganya watu wawili. Wa upasuaji ni wa uvimbe, damu iliyovujia kichwani, diski ya uti wa mgongo inayobana neva. Wa nyurolojia hapasui. Anatafuta tatizo limekaa wapi, kwenye ubongo, uti wa mgongo, neva au msuli, halafu anatibu kwa dawa. Hawa ni wachache nchini, ndiyo maana ni vizuri ufike kwake ukiwa na vipimo vya mwanzo mkononi.

Ganzi inayoanzia vidoleni, miguu yote miwili, mara nyingi ni ya neva za pembeni, zile zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Picha ya kichwa ilikuwa inatafuta pengine. Aanze kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, apimwe sukari, VVU, vitamini B12. Na abebe dawa zote anazotumia, na maboksi yake. Metformin ya sukari ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12. Isoniazid ya TB inaweza kuumiza neva, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Mimi nilinunua ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, duka la dawa kwa ajili ya UTI, siku ya pili nikashindwa kumeza hata uji. Baadaye ndiyo nikaambiwa mgonjwa kama mimi anatakiwa kuikwepa.

Vipimo hivyo visipoonyesha kitu, aombe rufaa ya nyurolojia na aulize kama wanapima umeme wa neva na misuli. Awe na daftari: ganzi ilianza lini, imepanda hadi wapi, inazidi wakati gani. Kama kuna kinachoonekana kwa macho, mrekodini kwa simu. Video fupi ya kope langu saa tisa alasiri, bingwa aliirudia mara tatu.

Ila ganzi ikianza kupanda haraka ndani ya siku chache, miguu ikalegea, pumzi ikawa nzito au mkojo ukagoma, msisubiri kliniki. Mpelekeni dharura usiku huohuo.

Nijibu haya mawili: ganzi ni ya miguu yote au mmoja? Na anatumia dawa gani sasa hivi?