Maswali na majibu: pampu za mawimbi katika tangi la matumbawe

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wanaofuga matumbawe na samaki wa baharini mbali kabisa na pwani. Yote yanahusu pampu za mawimbi, yaani zile zinazokaa ndani ya tangi na kuyazungusha maji, na nimeyafupisha bila kubadili maana.

Pampu yangu imeanza kukwaruza na haisukumi maji kama zamani. Niliinunua Dar es Salaam. Je, niagize nyingine? (Forest, Mbeya)

Usiagize kwanza. Mara nyingi pampu inayokwaruza haijafa, bali imejaa chokaa. Maji ya tangi la matumbawe huwa na kalsiamu nyingi, kwa kawaida miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na kwa kuwa mota hupata joto, chokaa huganda kwa urahisi kwenye rota (kile kipande chenye sumaku kinachozunguka) na shafti yake (kijiti inachozungukia), huku mwani mgumu wa rangi ya zambarau ukiota juu ya kifuniko. Chomoa umeme, toa pampu majini, vua kifuniko cha mbele, kisha vuta rota taratibu: inashikiliwa na sumaku, kwa hiyo itagoma kidogo halafu itaachia. Changanya siki nyeupe na maji kwa kipimo sawa, uloweke vipande vyote kwa saa moja au mbili. Utaona vipovu vikipanda. Hiyo ni hewa ya kaboni inayotoka chokaa inapoyeyuka, na vikikoma wakati ganda bado lipo, ujue siki imeisha nguvu na inafaa ubadilishe. Sugua kwa mswaki laini, hasa ndani ya tundu inamokaa rota, ambamo wengi husahau, kisha suuza vizuri kwa maji safi. Kisu na waya wa kusugulia masufuria viache jikoni.

Kabla ya kuirudisha, iangalie rota kwenye mwanga. Shafti ikiwa ni ya kauri, ihurumie, maana ikianguka sakafuni huvunjika. Ikiwa rota inacheza kwenye shafti, bushi (vipete vinavyoishika isicheze) zimelika na kelele itarudi hata usafishe namna gani. Ukiona ufa, uvimbe au doa la kutu kwenye ganda la sumaku, usiirudishe majini hata kwa siku moja, kwa sababu maji ya chumvi yakishaifikia sumaku huila, na metali zinazotoka humo ni sumu kwa matumbawe. Kwa pampu nyingi rota huuzwa peke yake. Kwetu tulio mbali na maduka, naona ni afadhali kununua rota ya akiba siku ileile unayonunua pampu kuliko kutumia fedha hiyo kutafuta pampu kubwa zaidi.

Nisafishe kila baada ya muda gani? (Mafinga)

Kila miezi mitatu inatosha kwa matangi mengi. Ukiwa na pampu mbili, zisafishe kwa zamu ili maji yasisimame.

Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika usiku, samaki wangu huanza kutweta juu ya maji mapema, ilhali ndugu yangu wa Tanga anasema wake hustahimili zaidi. Nakosea wapi? (Gangilonga, Iringa)

Marahaba. Huenda hujakosea popote. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na Tanga, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hichohicho ikiwa joto na chumvi ni sawa. Maana yake ni kwamba tangi lako linaanza usiku likiwa na akiba ndogo, na gizani mwani na matumbawe yenyewe hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Pampu inapozima, uso wa maji hutulia na hewa mpya haiingii tena.

Dawa ni betri ya akiba. Pampu nyingi za umeme wa aina ya betri (DC), zile zinazokuja na adapta, hutumia volti 24, nyingine 12, kwa hiyo soma maandishi ya adapta kabla ya kuunganisha chochote. Betri moja ya gari haifai kwa pampu ya volti 24. Punguza mwendo wa pampu na uielekeze juu, kwani kinachohitajika saa hiyo ni uso wa maji kutikisika tu, na betri itadumu zaidi. Asiyeweza gharama hiyo anunue pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Kwa dharura kama hii haina ubaya wowote.

Tangi langu ni la lita 300. Pampu iwe na nguvu kiasi gani? (Uyole, Mbeya)

Kwa tangi lenye matumbawe ya aina mchanganyiko, lenga mzunguko wa mara 20 hadi 40 ya ujazo kwa saa, yaani lita 6,000 hadi 12,000. Matumbawe laini hutosheka na kidogo. Yale magumu yenye matawi hutaka zaidi. Mimi ningechukua mbili za lita 4,500 zinazotazamana badala ya moja ya 9,000, kwa sababu tumbawe halitembei kutafuta chakula wala kukimbia uchafu wake, na mkondo wa upande mmoja huacha kona ambamo mabaki hulala. Usilielekezee tumbawe mkondo moja kwa moja, maana nyama yake huchunika. Vinyuzi vyake vikiyumba huku na huku, mkondo unafaa. Vikilala upande mmoja muda wote, umezidi.

Juni na Julai hita huzima mapema, lakini upande wa pili wa tangi ni wa baridi. (Njombe)

Hita hupima maji yaliyo karibu nayo. Isogeze ilipo njia ya mkondo wa pampu, na kipimajoto ukiweke upande wa mbali.

Nimeletewa pampu kutoka Marekani. Nichomeke tu? (Tukuyu)

Soma adapta kwanza. Ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, hezi (Hz, mapigo ya umeme kwa sekunde) 50 na 60, unahitaji kibadilisha plagi pekee. Ikiwa ni ya volti 120 bila adapta, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Transfoma itapunguza volti, lakini hezi zitabaki 50 badala ya 60, na pampu itazunguka polepole zaidi. Hiyo nisingehangaika nayo. Yoyote utakayoifunga, acha waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondokee sakafuni.