Kabla Hujalipa Karo ya Chuo cha Lishe

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, vijana wa mtaani kwetu Likoni hunijia na swali moja: "Dada, nikitaka kuwa mtaalamu wa lishe nianzie wapi?"

Anza na KNDI, yaani Taasisi ya Wataalamu wa Lishe Kenya, kabla ya chuo chenyewe. Hiyo ndiyo taasisi inayosajili wataalamu wa lishe Kenya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007. Bila usajili wake huruhusiwi kufanya kazi hii, hata uwe na vyeti vya kujaza sanduku. Ukitajiwa chuo, ulizia kama kozi yake imeidhinishwa, na usimuulize karani wa chuo. Waulize KNDI wenyewe. Mwenzangu mmoja alisoma diploma kwenye chuo fulani, akamaliza, akaenda kusajiliwa, akaambiwa kozi haitambuliki. Mamake alikuwa akiuza viazi karai alfajiri na jioni kulipa karo ile. Mpaka leo nikikumbuka roho yaniuma.

Kwa digrii utahitaji wastani wa C+ kwenye KCSE, na baiolojia na kemia zitatazamwa sana. Usipoifikia, diploma ni njia ya heshima, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huifundisha. Zile kozi za wiki chache zinazotangazwa kwenye simu zitakuongezea maarifa, lakini leseni hazikupi.

Ukifika atachimenti, yaani mafunzo ya kazini hospitalini, omba wadi ya watoto. Nakumbuka mtoto ambaye utepe wa kupima unene wa mkono ulisoma sentimita 10.8, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Tukamwanzishia maziwa ya F-75, maziwa maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo, kikombe kidogo kila baada ya saa tatu. Mamake akanitolea macho: "Mwanangu amekonda hivi, nawe wampimia maziwa kama ya paka?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, moyo waweza kushindwa, ndiyo maana twaanza na maziwa hafifu. Hayo niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Kumweleza mama yule saa nane za usiku mpaka akakubali kushika kikombe, hiyo ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Kliniki ya ugonjwa wa kisukari nayo yataka masikio. Usimuulize mgonjwa anakula wanga kiasi gani. Muulize mahamri mangapi, wali sahani ipi, mbaazi za nazi pawa ngapi. Bibi mmoja aliniapia hagusi sukari, na kweli chai yake haikuwa na sukari, lakini kila asubuhi alikula mahamri manne. Ramadhani ikikaribia, waite wagonjwa wako mapema, kwa sababu anayetaka kufunga lazima kwanza daktari amwangalie na kumpangia dawa upya.

Wanaotaka kwenda nje: Marekani, tangu Januari 1, 2024, hukalii mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili. Uingereza huwezi kujiita mtaalamu wa lishe tiba bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko. Jipangeni mapema, na digrii yenu iwe ya chuo kinachotambulika.

Leseni ya hapa huhuishwa kila mwaka, na utatakiwa kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza. Nunua faili moja ngumu leo, na kila cheti cha semina kiingie humo siku hiyo hiyo unapopewa.