Re: Weill Bugando na CUHAS ni vyuo viwili tofauti?

Mkuu, umeuliza kama ni vyuo viwili, maana mwajiri anatilia shaka vyeti vya ndugu yako. Hapana, ni chuo kile kile cha udaktari cha Mwanza, kimebadilisha jina tu kutoka Weill Bugando kuwa CUHAS (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi). Vyeti vyake vyenye jina la Weill Bugando ni halali kabisa, mwajiri asimsumbue.

Kwanza ilikuwepo hospitali. Kanisa Katoliki liliijenga pale juu ya kilima cha Bugando kwa msaada mkubwa wa Misereor, shirika la misaada la Kanisa Katoliki la Ujerumani, ikafunguliwa 1971. Haikukaa muda serikali ikaichukua, zile zama za utaifishaji. Mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa Baraza la Maaskofu, kwa makubaliano kwamba serikali iendelee kuchangia, ikiwemo mishahara. Ndiyo maana watu wengi mpaka leo wanabishana kama Bugando ni ya kanisa au ya serikali. Jibu la kweli ni kwamba wote wana mkono pale.

Chuo kilikuja 2003, kikiwa chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), na wanafunzi 10 tu wa udaktari. Kumi! Kanda ya Ziwa nzima ilikuwa haina pengine pa kusomea udaktari.

Hilo "Weill" ni la Sanford Weill, aliyewahi kuongoza Citigroup, kampuni kubwa ya benki ya Marekani, na mkewe Joan. Walichangia fedha, na chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York, chenye jina lao pia, kikawa mshirika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 chuo cha Bugando kikawa chuo kikuu kamili, kikaitwa CUHAS.