Bibi aliyeitwa mtoto

Swali lenu la wiki hii linasema: "Katika safari ya nje ya nchi uliyokwenda na familia yako, ni kitu gani hukukitarajia?" Mimi nina miaka 17, naishi Magomeni, Dar es Salaam, na nimetoka nje ya nchi mara moja tu. Ilikuwa Juni mwaka jana, tukaenda Muscat, Oman: mama, mdogo wangu, mimi na bibi mzaa mama. Sikutarajia kumwona bibi akiwa mdogo wa mtu.

Nyumbani kwetu bibi ndiye mwenye neno la mwisho. Akikohoa tu sebuleni, wajomba wanashusha sauti. Dada yake alihamia Oman mwaka 1974. Bibi akabaki Unguja, akaolewa, akahamia Dar. Miaka yote hiyo walikuwa wakisikiana kwenye simu tu. Magoti ya bibi yalipoanza kumsumbua, baba na mjomba wakachanga nauli haraka, wakihofia asije akashindwa kupanda ngazi za ndege.

Tulifika usiku. Sisi wa Dar joto tunalijua, lakini lile ni jingine. Saa nne za usiku, upepo unakupiga usoni kama umefunua chungu kilichoko jikoni. Nyumba nyeupe, na nyuma yake milima ya mawe matupu. Mlangoni akatoka mwanamke mzee amejitanda kanga. Nikaamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia, macho yake yalikuwa kwa bibi yangu. Akamwambia, "We mtoto, mbona umekonda hivyo? Huli?"

Bibi yangu, mwenye miaka 71, akajibu, "Nala, dada." Ile sauti sikuwahi kuisikia kwake. Kisha akalia.

Nyumba ile inazungumza Kiswahili, na hata sokoni Mutrah nilijibiwa kwa Kiswahili mara mbili. Shuleni tulisoma kwamba karne ya 19 Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, lakini niliyasoma kwa ajili ya mtihani tu. Kumbe kuna watu ambao hiyo ndiyo habari ya ukoo wao, pande zote mbili za bahari, na wengi walikwenda Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Kiswahili cha bibi mkubwa kimebaki kilekile alichoondoka nacho Unguja. Mdogo wangu alipousifia wali wake kuwa ni noma, alimuuliza una kasoro gani.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos tuliuona pia. Ulifunguliwa mwaka 2001, na zulia lake la kipande kimoja lina urefu wa mita 70 na upana wa mita 60. Ni mzuri sana, mama alipiga picha nyingi.

Lakini mimi nakumbuka zaidi duka moja dogo pale Mutrah, moshi wa ubani umejaa hadi darini. Wanauza kofia za kiume, wenyewe wanaziita kummah, na ni ndugu wa kofia zetu za viua, zile ambazo bibi hushona barazani kila jioni. Akaichukua moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha ukucha juu ya vitobo kimoja kimoja. "Hii ya mkono," akasema, "ila uzi wameulegeza." Dada yake akamnyang'anya. "Wewe unajua nini? Si mimi niliyekuwa nikikufumulia?" Bibi akamjibu, "Na kunifinya." Wakacheka mpaka wakashikana mabega, mwenye duka anawatazama, mama anafuta machozi.

Nilisimama pale nikamtazama bibi kwa makini kama mtu mgeni. Sikuwahi kujiuliza nani alimfundisha kushona. Nilidhani amezaliwa anajua, amezaliwa bibi.

Usiku wa mwisho walilala godoro moja, sakafuni, ingawa vitanda vilikuwepo. Nilisikia minong'ono hadi karibu na adhana ya alfajiri.

Uwanja wa ndege, kabla hatujaingia ndani, bibi mkubwa alifungua pindo la kanga akatoa noti ya riali 1, akaikunja ndogo, akamtia bibi mkononi. "Ukanunue kitu njiani," akamwambia. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na magoti yake yale. Mpaka leo hajaibadilisha. Iko kwenye mfuko wa nyuzi, pamoja na sindano.